Thomas Risley Odhiambo na Elimu ya Pingili ya Mwisho

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwaonya wanaopuuza mambo madogo hadi yawaletee madhara makubwa. Maisha ya Profesa Thomas Risley Odhiambo yanaweza kusomwa kama ufafanuzi mrefu wa methali hiyo. Huyu ni msomi aliyetumia sehemu kubwa ya ujana wake kuchunguza kile ambacho watu wengi hawajishughulishi kukitazama, yaani ncha ya nyuma ya tumbo la mdudu. Kutokana na uchunguzi huo, alipata jina miongoni mwa wanasayansi wa dunia, na kwa jina hilo akaasisi taasisi ambayo hadi leo inawahudumia wakulima wa Afrika.

Makala haya yanaeleza maisha yake tangu kuzaliwa kwake Mombasa, masomo yake katika Shule ya Maseno, hadi kifo chake mwaka 2003. Aidha, yanachunguza swali lililomwandama maisha yake yote: je, bara lenye njaa na maradhi lina haki ya kuwa na wasomi wanaotafiti jambo dogo kama mkia wa mdudu, au ni anasa iachiwe mataifa tajiri?

Pingili ya mwisho na umuhimu wake

Ili kuielewa kazi ya Odhiambo, ni muhimu kwanza kueleza kidogo juu ya maumbile ya viumbe aliowashughulikia. Wanyama wengi wasio na uti wa mgongo wana miili iliyogawika pingili, mfano wa muwa au mwanzi. Nyungunyungu, jongoo, tandu, nge, kamba na wadudu wote wamo katika kundi hili. Pingili za katikati ya mwili mara nyingi hufanana, lakini zile za mwisho huwa na umbo la pekee kwa sababu zina kazi za pekee.

Mfano mashuhuri ni trilobiti, viumbe wa baharini walioishi duniani kwa takriban miaka milioni 270 kabla ya kutoweka kabisa yapata miaka milioni 252 iliyopita. Mwili wa trilobiti ulikuwa na kichwa, kifua chenye pingili zilizoachana, na nyuma kabisa bamba moja la mkia ambalo wataalamu huliita pigidiamu. Bamba hilo liliundwa kwa pingili kadhaa zilizoungana. Trilobiti alipokuwa akikua, pingili mpya zilichipuka upande wa nyuma, na kila alipojivua gamba, pingili iliyokuwa mbele kabisa ya bamba iliweza kuachiliwa ijiunge na kifua. Kwa hiyo mkia ulikuwa kama kitalu: huko ndiko sehemu mpya za mwili zilikoanzia. Hali kama hiyo huonekana kwa minyoo wa pingili walio hai leo. Ncha yao ya mwisho huitwa kwa jina hilohilo la pigidiamu, na pingili changa huzaliwa mbele yake tu.

Kwa wadudu, tumbo huwa na pingili kumi au kumi na moja, ingawa za mwisho hukunjamana na kupungua kiasi kwamba si rahisi kuzihesabu. Kwa majike wengi, pingili ya nane na ya tisa hubeba kifaa cha kutagia mayai. Kwa madume, pingili ya tisa hubeba viungo vya uzazi. Kwa mbawakawa na jamaa zao, neno pigidiamu hutumiwa kwa bamba la mwisho la mgongo linalobaki wazi pale mbawa ngumu zinapokoma. Mfano wa karibu ni fukusi anayetoboa kunde zilizohifadhiwa ghalani. Jike ana mabaka meusi pembeni mwa bamba hilo, ilhali la dume halina mabaka ya namna hiyo. Yeyote auzaye kunde katika soko la Luanda au la Kibuye amewahi kuwaona wadudu hawa, hata kama hajapata kujua kwamba jike na dume hutambuliwa kwa kutazama mkia.

Wanaosoma isimu wanaweza kulinganisha jambo hili na muundo wa kitenzi cha Kiswahili. Katika vitenzi pika, pikia, pikisha na pikwa, mzizi ni uleule lakini mwisho wa neno ndio unaobainisha maana. Vivyo hivyo, wadudu wawili wanaweza kufanana kichwa, mbawa na rangi, kisha wakatofautiana mkiani tu. Asiyetazama mwisho wa neno hukosea maana. Asiyetazama mwisho wa mdudu hukosea jina lake.

Kutoka Mombasa hadi Maseno

Thomas Risley Odhiambo alizaliwa Mombasa tarehe 4 Februari 1931. Ingawa alizaliwa pwani, elimu yake ya ujanani aliipata upande wa pili wa nchi, karibu na Ziwa Victoria, katika Shule ya Maseno. Shule hiyo iliasisiwa mwaka 1906 na wamishenari wa Kianglikana wa Church Missionary Society, katika kilima ambapo mstari wa ikweta unapita. Kufikia miaka ya 1940, wakati Odhiambo alipokuwa mwanafunzi, Maseno ilikuwa imejijengea sifa ya kuwa mojawapo ya shule chache zilizomwezesha kijana Mwafrika wa Kenya kufikia elimu ya juu. Jaramogi Oginga Odinga na mwanahistoria Bethwell Ogot ni miongoni mwa waliopitia humo.

Mazingira ya Maseno yenyewe yalikuwa shule ya viumbe. Mvua hunyesha misimu miwili kwa mwaka, mashamba ya mahindi, mtama, maharagwe na kunde huzunguka kilima, na kila shamba lina wadudu wake. Mawe makubwa ya matale yaliyotapakaa kuelekea Kisumu na Maragoli yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, yaani yaliganda zamani mno kabla trilobiti wa kwanza hajatokea. Kwa upande mwingine, miamba ya Kisiwa cha Rusinga, ng'ambo ya ghuba, ina umri wa takriban miaka milioni 18 tu. Humo Mary Leakey aligundua fuvu maarufu la sokwe wa kale mwaka 1948, na humo pia zimepatikana mabaki ya wadudu na viwavi waliogeuka mawe huku maumbile yao ya nje yakisalia. Kwa hiyo ufuo huu wa ziwa hauna trilobiti, kwa kuwa miamba yake ama ni mikongwe mno au ni michanga mno. Aliyetaka kujifunza siri za pingili hapa alipaswa kuwatazama wadudu wenyewe.

Ikumbukwe vilevile kwamba miaka ya shule ya Odhiambo iliangukia katika kipindi kigumu cha nzige. Kati ya mwaka 1940 na 1948, kisha tena kuanzia 1949 hadi 1963, nzige wa jangwani walisumbua nchi nyingi za Afrika na Asia. Mwaka 1954 makundi hamsini yalivamia Kenya na kufunika jumla ya kilomita mraba 1,000. Kwa kizazi hicho, mdudu hakuwa mada ya kitabuni. Alikuwa tofauti kati ya ghala tupu na ghala lenye chakula.

Makerere na wadudu wa Uganda

Baada ya Maseno, Odhiambo alijiunga na Makerere mjini Kampala, wakati huo chuo kikuu pekee katika Afrika Mashariki. Alipomaliza, aliajiriwa katika Idara ya Kilimo ya Uganda. Kazi yake ilikuwa ya ngazi za chini, lakini aliitumia kwa namna ambayo wakubwa wake pengine hawakuitarajia. Alianza kuandika na kuchapisha makala ya kitaaluma katika majarida ya Uingereza.

Mwaka 1958 alichapisha maelezo juu ya mdudu mwindaji anayeishi katika vichuguu vya mchwa nchini Uganda na ambaye hujificha kwa kujibebesha takataka mgongoni. Mwaka 1959 akaeleza tabia ya mdudu mwingine wa jamii hiyo ambaye hulinda mayai hadi yaanguliwe. Kinachostaajabisha ni kwamba mlinzi huyo ni dume. Tabia ya namna hii ni adimu sana miongoni mwa wadudu, na maelezo ya Odhiambo yangali yanarejelewa na watafiti wanaochunguza chimbuko la malezi ya baba.

Hata hivyo, kazi iliyomchukulia muda mwingi zaidi ilihusu kunguni wadogo wa mimea. Hawa ni wadudu wafyonzao utomvu, na baadhi yao huharibu pamba, kakao na chai. Tatizo lao kubwa ni kwamba hufanana mno. Mkulima huona pamba yake ikinyauka, afisa wa kilimo humwona mdudu wa kijani au wa hudhurungi, lakini hakuna anayejua kwa hakika ni yupi kati ya spishi nyingi. Bila jina, haiwezekani kujua mdudu huyo hula mmea gani mwingine, huzaliana lini, wala adui yake wa asili ni nani.

Ufumbuzi ulikuwa katika pingili ya tisa ya dume. Pingili hiyo imegeuka kuwa kama kikombe kinachobeba viungo vya uzazi, pamoja na vibanio viwili ambavyo havilingani: cha kushoto kina umbo moja na cha kulia umbo jingine. Kila spishi ina umbo lake. Mtafiti hulazimika kukata ncha ya tumbo, kuilainisha kwa dawa, kuitenganisha kwa sindano chini ya hadubini, kisha kuichora kwa uangalifu. Ni kazi ya macho na subira, na kosa la unywele mmoja hupoteza siku nzima. Odhiambo aliifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa na kutoa mfululizo wa makala juu ya kunguni wa mimea wa Afrika Mashariki.

Kilele cha kazi hii kilikuwa mwaka 1962, alipochapisha katika jarida la makumbusho ya historia ya viumbe ya London mapitio marefu ya jenasi kadhaa za kunguni hao. Humo alianzisha jenasi mpya, zikiwemo Rayieria na Ragwelellus, ambazo wadudu wake wanaishi Australia na maeneo jirani. Jambo hili lina uzito wa kihistoria. Kwa muda mrefu, mimea na wanyama wa Afrika walipewa majina na Wazungu, wengi wao wasiowahi kukanyaga bara hili. Sasa mwanafunzi wa zamani wa Maseno, kabla hata Kenya haijapata uhuru, alikuwa akiwapa majina wadudu wa Australia, na majina hayo yakakubaliwa na wataalamu wa dunia nzima. Yangali yanatumika hadi leo.

Cambridge na siri ya nzige

Odhiambo alikwenda Uingereza kusoma sayansi asilia katika Chuo Kikuu cha Cambridge, ambako alipata shahada ya uzamifu mwaka 1965. Huko alifanya utafiti chini ya Vincent Wigglesworth, mwasisi wa elimu ya utendaji wa miili ya wadudu na aliyeonyesha jinsi homoni zinavyoongoza ukuaji wao. Odhiambo alichagua kumchunguza nzige wa jangwani, adui wa utoto wake.

Swali lake lilikuwa hili: ni nini kinachomfanya nzige dume apevuke? Dume anayepevuka katika makundi hubadilika rangi na kuwa wa manjano, kisha huanza kuwatafuta majike. Nyuma ya ubongo wa nzige kuna jozi ya tezi ndogo sana zinazotoa homoni ya uchanga. Odhiambo aliwaondoa tezi hizo madume wachanga. Matokeo yake ni kwamba madume hao hawakugeuka manjano na hawakuonyesha hamu ya kupandana. Tezi ziliporejeshwa, tabia hizo zilijitokeza. Kwa njia hiyo alisaidia kuthibitisha kwamba chembe ndogo ya kichwani huamua kinachotendeka katika ncha nyingine ya mwili.

Baadaye aligeukia ncha hiyo yenyewe. Karibu na mwisho wa tumbo la dume kuna tezi saidizi za uzazi, zilizoundwa kwa jozi zaidi ya kumi za vijirija vyembamba. Kila aina ya kijirija hutoa utando wake, na kwa pamoja hutengeneza kifuko kinachobeba mbegu za kiume hadi kwa jike. Odhiambo alieleza muundo wa vijirija hivi kwa kutumia hadubini ya elektroni, katika makala yaliyochapishwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Pingili za mwisho za nzige jike nazo ni za ajabu. Anapotaka kutaga, hutumia vijembe vigumu vilivyo mkiani kuchimba udongo wenye unyevu. Utando ulio kati ya pingili za tumbo hutanuka hadi tumbo likawa refu mara mbili au tatu ya kawaida, na mayai huwekwa sentimita kumi hadi kumi na tano chini ya ardhi. Kisha shimo huzibwa kwa povu. Miaka mingi baadaye, watafiti wa taasisi aliyoiasisi Odhiambo waligundua kwamba povu hilo lina harufu inayowavuta majike wengine watage mahali hapohapo. Hivyo makinda huanguliwa pamoja kwa wingi, na kundi la nzige huanzia hapo. Ujuzi wa namna hii haukupatikana kwa kunyunyiza sumu, bali kwa kuuliza mkia wa nzige hufanya nini hasa.

Kuasisiwa kwa ICIPE

Odhiambo alirejea Kenya na kufundisha katika chuo kikuu mjini Nairobi, ambako alikuja kuwa profesa wa elimu ya wadudu na mkuu wa kwanza wa Kitivo cha Kilimo. Mwaka 1967 alichapisha katika jarida la Science la Marekani makala juu ya sayansi na maendeleo ya Afrika Mashariki. Hoja yake ya msingi ilikuwa kwamba Afrika haiwezi kuendelea kwa kuazima matokeo ya utafiti wa wengine. Inahitaji jumuiya yake ya wanasayansi, wanaokaa hapa, wanaouliza maswali ya hapa, na wanaofikia viwango vya juu kabisa vya dunia.

Wakati uleule, mkemia Carl Djerassi wa Marekani alikuwa akitafuta njia ya kuanzisha vituo vya utafiti wa hali ya juu katika nchi zinazoendelea. Fikra za wawili hao zilikutana. Kwa msaada wa akademia za sayansi za mataifa mbalimbali, Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ekolojia ya Wadudu, kinachojulikana zaidi kwa kifupi cha Kiingereza ICIPE, kilianzishwa Nairobi mwaka 1970, Odhiambo akiwa mkurugenzi wake. Kilianza katika eneo la Chiromo kwa majengo ya kawaida sana. Wanasayansi mashuhuri kutoka ng'ambo walikuja kwa vipindi kuongoza utafiti, huku vijana wakifanya kazi ya kila siku papo hapo.

Hatimaye kituo kilipata makao yake Kasarani, mahali palipopewa jina la Duduville. Kwa mpenzi wa lugha, jina hili lina ladha ya pekee. Neno la Kiswahili dudu, ambalo kwa kawaida hubeba dharau au woga, lilikuja kuandikwa katika anwani ya taasisi ya kimataifa na kutamkwa na maprofesa wa kila taifa.

Odhiambo hakutaka kituo kiwe kisiwa. Mwaka 1980 alianzisha jarida la kitaaluma la elimu ya wadudu wa nchi za joto, ambalo lingali linachapishwa kwa jina jipya. Mwaka 1983, ICIPE kwa kushirikiana na vyuo vikuu vya Afrika ilianzisha mpango wa kuwafunza wanafunzi wa uzamifu. Wanafunzi hao walifanya utafiti wao katika ardhi ya Afrika na kupata shahada zao kutoka vyuo vya Afrika. Mamia ya wasomi wamepitia mpango huo.

Kurudi ufuoni: Mbita

Uamuzi wenye maana kubwa zaidi kwa watu wa ziwa ulikuwa ule wa kujenga kituo cha nyanjani Mbita, mkabala wa Kisiwa cha Rusinga. Katika miaka ya 1970, Mbita ilikuwa mbali na barabara nzuri na mbali zaidi na maabara. Lakini huko ndiko matatizo yalikokuwa: funza wa mabua walioangamiza mahindi na mtama, mbu, na mbung'o.

Bonde la Lambwe, lililo karibu, lilikuwa limejaa mbung'o kwa miaka mingi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ugonjwa wa malale ulilipuka tena humo. Hapa pia elimu ya pingili ya mwisho ina nafasi yake. Mbung'o jike hatagi mayai kama nzi wengine. Humlea buu mmoja tumboni na kumzaa akiwa amekomaa, takriban kila baada ya siku tisa au kumi. Buu huyo huzama udongoni mara moja, na ncha yake ya nyuma ina vinundu viwili vyeusi ambavyo kwavyo hupumua. Kwa kuwa mbung'o huzaa mtoto mmoja mmoja, idadi yao huweza kushushwa kwa kuwanasa majike wachache kila siku bila kukoma. Watafiti wa ICIPE walitumia kanuni hii huko Nguruman, katika nchi ya Wamaasai, walikobuni mtego wa kitambaa cha buluu na cheusi unaotiwa asetoni na mkojo wa ng'ombe. Wafugaji wenyewe waliweza kuushona.

Kuhusu funza wa mabua, adui ni kiwavi, lakini njia yake huanzia kwa nondo. Nondo jike huwaita madume usiku kwa harufu itokayo katika tezi iliyo kwenye pingili za mwisho za tumbo. Kisha huchagua mmea wa kutagia kwa kufuata harufu ya mmea huo. Katika miaka ya 1990, watafiti wa Mbita wakishirikiana na kituo cha Rothamsted cha Uingereza walitumia udhaifu huu kubuni mbinu ya sukuma-vuta. Mkulima hupanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi ili harufu yake iwafukuze nondo, na majani ya tembo pembezoni mwa shamba ili yawavute. Desmodiamu pia huzuia gugu la kayongo, ambalo wakulima wa Nyanza na Magharibi wanalijua kwa uchungu. Mbinu hii ilianza kufikishwa kwa wakulima mwaka 1997. Odhiambo alikuwa ameondoka katika uongozi wa ICIPE mwaka 1994, lakini mavuno yalitoka katika shamba alilolilima yeye. Leo kituo hicho cha Mbita kinaitwa kwa jina lake.

Swali lililobaki

Haitakuwa haki kueleza maisha ya Odhiambo kama kwamba njia yake ilinyooka. Hoja dhidi yake ilikuwa na uzito. Mkulima ambaye mtama wake unaliwa leo hawezi kungoja miaka ishirini ili msomi aelewe tezi za nzige. Aidha, kituo kilichokusudiwa kuifanya Afrika ijitegemee kisayansi kilitegemea sana fedha za wafadhili wa nje, na mwenye kulipa mpiga zumari ana sauti katika kuchagua wimbo.

Odhiambo alijibu hoja ya kwanza kwa vitendo. Hakuacha sayansi ya msingi, wala hakubaki nayo maabarani. Aliipeleka Mbita. Kuhusu hoja ya pili, alijaribu kuwashawishi Waafrika wenyewe. Mwaka 1985 alishiriki kuanzisha Akademia ya Sayansi ya Afrika na kuwa rais wake wa kwanza. Alianzisha pia jukwaa la kuwakutanisha wanasayansi na marais wa nchi za Afrika. Mwaka 1987 yeye na Rais Abdou Diouf wa Senegal walikuwa wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Afrika ya uongozi katika kumaliza njaa. Lakini lengo ambalo serikali za Afrika zilijiwekea mwaka 1980 huko Lagos, la kutenga asilimia moja ya pato la taifa kwa utafiti, halijafikiwa na nchi nyingi hadi leo.

Thomas Risley Odhiambo alifariki Nairobi tarehe 26 Mei 2003, akiwa na umri wa miaka 72. Miaka kumi na sita baadaye, mwezi Desemba 2019, nzige wa jangwani waliingia Kenya kwa wingi ambao nchi haikuwa imeushuhudia kwa miaka sabini. Wengi wa waliokuwa hai walikuwa hawajapata kumwona nzige. Ndege za kunyunyizia dawa zilitafutwa kwa haraka, na wananchi walipiga madebe mashambani kama babu zao walivyofanya. Wakati huo ilidhihirika kwamba ujuzi usiotunzwa husahaulika, na kwamba nzige hasahau kuchimba na kutaga.

Hitimisho

Maisha ya Odhiambo yanatoa funzo kwa msomi wa fani yoyote, awe wa sayansi au wa lugha. Kwanza, yanaonyesha kwamba udogo wa mada haupimi ukubwa wa elimu. Uchoraji wa pingili ya tisa ya kunguni ulimpa Odhiambo nidhamu na heshima zilizomwezesha kuasisi taasisi. Pili, yanabainisha kwamba msomi wa Afrika anaweza kuupa ulimwengu majina badala ya kungoja kupewa. Tatu, yanakumbusha kwamba elimu isiyorudi kwa wenye shamba haijakamilika.

Katika trilobiti wa kale, pingili mpya zilianzia mkiani, mahali ambapo mtazamaji wa haraka angedhani ndipo mnyama anapokoma. Vivyo hivyo, Mbita ilionekana kuwa mwisho wa barabara, na Odhiambo akaifanya kuwa mahali pa kuanzia. Vyuo vikuu vinavyochipuka kando ya Ziwa Victoria, kikiwemo Chuo Kikuu cha Maseno kilichopata hadhi kamili mwaka 2001, vimerithi mazingira yaleyale yaliyomlea. Mashamba yapo, wadudu wapo, na maswali mengi yangali hayajaulizwa.